Kasri la Vifungo na Melimeli

Asubuhi niliyoondoka London sikuwa na mpango wowote. Nilifunga sanduku langu, nikaacha ufunguo wa chumba juu ya meza, nikatembea hadi kituo cha mabasi na kumwuliza mkata tiketi ni basi gani linalotangulia kuondoka.

"La Birmingham," akasema.

"Basi nipe hilo."

Akaniangalia juu ya miwani yake. "Una watu huko?"

"Bado," nikamjibu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nyinyi vijana wa karakana mmenitaka niandike, kwa kuwa sasa nimekabidhi meza yangu, jinsi nilivyoingia katika kazi hii ya kutengeneza modeli za majengo. Najua mnadhani nilisomea mahali. Sikusomea. Shule niliiacha mapema, hapahapa Mombasa, si kwa shida bali kwa kuchoka kukaa. Shangazi yangu alinifundisha kushona kofia za mkono, zile za matobo madogo. Kutoka hapo nikawa yaya wa familia moja ya Kiingereza, na waliporudi kwao nikaenda nao. Watoto wakapelekwa shule ya bweni, na yaya asiye na mtoto wa kulea ni mgeni tu anayekula. Nikaanza kuhama. Nilifua nguo hotelini, nikamenya viazi hospitalini, nikapanga vitabu kwenye ghala. Kila kazi niliipenda mpaka siku nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu inawasha.

Birmingham nilipata chumba Small Heath, juu ya bucha la Mpakistani mmoja kwenye Coventry Road, na kazi katika kiwanda cha vifungo vya shaba. Mji ule ulikuwa ukitengeneza kila kitu kidogo cha chuma unachoweza kukitaja. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na kutenga vifungo: vizima kulia, vilivyobonyea kushoto. Niliielewa siku ya kwanza. Nilikuwa tayari nikifikiria basi jingine, ndipo akaja mzee mmoja mrefu, koti lake la kaki limejaa vumbi jeupe, akamwomba msimamizi wetu vifungo vya mviringo kama nusu ya mpira, vya ukubwa tofauti tofauti, visivyotobolewa.

"Vya koti la nani?" msimamizi akamwuliza.

"Si vya koti. Vya paa."

Meza nzima wakacheka. Mimi nikauliza, "Paa la nini?"

"La jumba la Sultani," akasema yule mzee, kama mtu anayesema la duka la mkate.

"Sultani gani?"

"Kwani wewe unawajua wangapi?"

"Ninamjua wa Unguja. Na tulisikia ameshaondoka."

Akacheka mpaka vumbi likamtoka mabegani. "Huyu wangu ni wa Istanbul, na yeye pia ameshaondoka."

Nikamwuliza kuba za paa hilo zimefunikwa na nini. Akasema madini ya risasi, yamekandwa kama chapati. Nikamwuliza chini yake alikaa nani. Akasema wapishi. Nikamwuliza wapishi wangapi, akasema mamia, na kabla sijauliza walipika nini msimamizi akakohoa. Jioni nilimkuta mzee amesimama langoni na mfuko wake wa vifungo. Akaniambia aliona jinsi nilivyoviokota bila kuviangalia. Nikamwambia nashona kofia. Hakujua kofia zetu zikoje, lakini akaniambia anatengeneza modeli za majengo, nije karakanani kwake Jumatatu.

Jina lake lilikuwa Wilfred. Jumatatu hiyo alinivutia kigoda na kusema, "Karibu, kaa hapa, bab."

Nikageuka nyuma kuona anazungumza na mzee gani. Hapakuwa na mtu. Kwetu bab ni neno la kumwitia baba au mzee, basi nikadhani kwamba ama haoni vizuri, ama adabu ya nyumba ile imepita kiasi. Nami sikutaka kushindwa adabu. Nikamjibu, "Asante, babu." Siku nzima tukaenda hivyo, yeye bab, mimi babu, na pembeni fundi wa mbao mwenye kilemba cha buluu akawa anapaliwa na chai yake.

Jioni, tunanawa mikono, yule fundi akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, wewe natoka Mombasa ama Malindi?"

Nilikaribia kuangusha sabuni. Alikuwa Kalasinga, Harbans, mzaliwa wa Kisumu, ambaye naye alikuwa ameletwa Birmingham na mambo ya pasipoti.

"Mombasa," nikasema. "Na wewe ulikaa kimya siku nzima ukinisikia?"

"Nilikuwa nafurahia sana. Sikiza. Hapa bab ni kama mpenzi, ama mtoto yangu. Hata dereva ya basi naita wewe bab. Hata polisi."

"Na mimi nimemwita babu!"

"Iko sawa kabisa. Yeye ni mzee, anapenda. Acha iendelee."

Ikaendelea. Tangu siku hiyo akawa Babu kwangu, na baadaye hata kwa Harbans. Harbans aliniita Mama Mombasa, nami nikamwita Fundi Kisumu, na kila mmoja alishikilia kwamba mji wa mwenzake ni kituo tu cha treni kuelekea kwake.

Miezi ya kwanza nilikata kadibodi. Miraba tu, kila siku, kwa kisu kidogo kama cha daktari na rula ya chuma. Nawapa bure nililolipata kwa vidole vyangu: kisu hakifuati mkono, kinafuata macho. Angalia unakokwenda, usiangalie ulipo. Badilisha wembe kabla haujaanza kukukera, maana ukishakukera umeshaharibu kitu. Gundi ipake kama unavyopaka mafuta kichwa cha mtoto mchanga. Babu hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa akichukua mraba wangu, anauweka juu ya wa kwake, anaupitisha ukucha pembeni. Ukucha ukikwama, ananirudishia mraba.

Ukucha ulipoacha kukwama, akanionyesha ramani. Ilikuwa imebandikwa ukutani, ndefu kama kitanda, na kabla hatujakata chochote alinitembeza ndani yake kwa kidole. Kasri hilo linaitwa Topkapi. Alilianza Sultani aliyeuteka mji ule, juu ya ncha ya ardhi iliyozungukwa na maji pande tatu. Nilitegemea jumba moja refu lenye madirisha mengi, kama majumba ya wafalme niliyoyaona London. Kumbe ni nyua nne zinazofuatana, na ndani yake vijumba vimetawanyika kama kambi ya mahema iliyogeuka mawe. Kila Sultani aliongeza chake, huyu maktaba, yule kibanda cha kupungia upepo, mwingine hamamu. Kwa karne nyingi hakuna aliyekaa chini akalichora lote pamoja, na ndiyo maana lilitutesa sisi.

Ua wa kwanza, alisema Babu, mtu yeyote aliingia. Palikuwa na tanuri la mikate, mahali pa kupigia sarafu na nyumba ya wagonjwa. Kisha lango la pili, lenye minara miwili iliyochongoka kama penseli. Hapo wote walishuka kwenye farasi isipokuwa Sultani mwenyewe, na kutoka hapo watu walinong'ona. Kulia majiko, kuba na mabomba ya moshi yamepangana safu nzima, na hapo ndipo vifungo vyangu vilipokwenda. Kushoto chumba cha baraza la mawaziri, na juu ukutani dirisha dogo la kimia cha chuma. Sultani aliweza kukaa nyuma yake akisikiliza, na mawaziri hawakujua yupo au hayupo.

"Kiwanda yangu ya kwanza hapa ilikuwa na dirisha kama hiyo," akasema Harbans. "Sisi pia hatukujua. Tulifanya kazi sana."

Lango la tatu lilifungukia ua wa Sultani mwenyewe, na hapo ndipo tulipokwama kwa mara ya kwanza. Babu alifunga uzi kwenye lango la kwanza na kuuvuta hadi la tatu, kama alivyozoea kufanya kwenye majumba ya Ulaya, kupata mstari wa kati. Uzi ukagonga ukuta. Akapima upya. Ukagonga ukuta. Malango hayakukabiliana. Hata ukilifikia la tatu, mbele yake moja kwa moja palikuwa na chumba cha kupokelea mabalozi, kimeziba njia kama mtu mnene aliyesimama mlangoni. Babu akailaumu karatasi kwamba imenywea kwa baridi. Akaipasha moto, akaipima tena. Wiki nzima alikuwa hana furaha.

"Fundi ya Sultani alikuwa nakunywa," Harbans akaamua.

Mimi nikasema kwetu nyumba za mawe ziko hivyo hivyo. Mlango wa nje haukabiliani na wa ndani. Unaingia dakani, ule ukumbi wa mlangoni, unakuta ukuta, lazima ugeuke. Mpita njia akichungulia anaona chokaa tu. Niliyajua madaka hayo kwa sababu nilikuwa nikipeleka kofia za shangazi. Unapiga hodi, unaambiwa subiri, unasubiri hapo hapo. Kilichoko baada ya kona sikuwahi kukiona. Sisi tulizaliwa nyumba ya makuti, na nyumba za mawe nilizijua mpaka dakani.

Babu alisikiliza huku anaukunja uzi wake taratibu kidoleni. "Kwa hiyo ni nyumba," akasema. "Mimi nilikuwa naitengeneza kama barabara."

Basi tukaijenga kama nyumba. Kuta za kadibodi ngumu, minara ya mbao ya mti wa peasi ambayo Harbans aliichonga kwa mashine ndogo ya mguu, risasi ya paa kwa karatasi ya fedha ya sigara iliyopakwa kijivu. Miti ya bustani nilitengeneza kwa dodoki, lililochambuliwa na kutiwa rangi ya majani. Babu alikuwa akitumia sponji miaka yote, na alipoona dodoki hakuirudia tena. Ua baada ya ua, kasri likaota juu ya meza ile, na mimi nikashangaa kwamba misimu miwili ya baridi imepita na miguu yangu haijawasha.

Kisha tukafika upande wa kushoto wa ua wa pili na wa tatu, upande wa haremu, walikokaa mama yake Sultani, wake zake, watoto na watumishi. Kwenye ramani palikuwa na mstari mzito wa kuzunguka, mapaa yamechorwa vizuri, na ndani kijivu kitupu. Vyumba vile vilikuwa vimefungwa, vinakarabatiwa, na michoro yake hatukuipata.

Aliyetuagiza modeli alikuwa mwalimu wa chuo, Bwana Pell, mtu mchangamfu mwenye tai fupi, aliyetaka kuizungusha mijini kwenye maonyesho. Alikuja kuangalia kazi, akafurahia vifungo, akafurahia dodoki, halafu akagonga paa la haremu kwa kidole.

"Hili litafunguka, sivyo?"

"Hapana," Babu akasema.

"Lazima lifunguke. Watu watakuja kwa ajili ya hapa. Weka bwawa, mito ya kulalia, wanawake wachache wamejinyoosha."

"Umewahi kuingia?"

"Mimi? Hakuna aliyeingia."

"Basi nani amekuambia kuna bwawa?"

"Kila mtu anajua haremu ilivyo, Wilfred!"

"Kila mtu anajua, na hakuna aliyeingia," Babu akasema, akaendelea kupiga msasa.

Bwana Pell hakuwa mtu mbaya. Alieleza polepole kwamba kuna karakana London imeshamwahidi kujaza vyumba vyote, na kama sisi hatuwezi, ataihamishia kazi huko kabla ya mwezi kwisha. Sote watatu tulijua maana yake. Babu alikuwa ameziacha kazi nyingine zote kwa ajili ya kasri. Likiondoka mezani, mlango wa karakana utafungwa nyuma yake.

Alipotoka, Harbans akaweka patasi chini. "Babu, mimi niko na watoto. Ni vyumba kidogo tu. Nani atajua?"

Babu hakukasirika. Akatueleza jambo ambalo hakuwa amelisema kabla. Wakati wa vita kazi yake ilikuwa kutengeneza modeli za miji, ili marubani waikariri kabla ya kuruka usiku. "Ukiweka paa mahali pasipo na paa," akasema, "kuna kijana atakwenda kulitafuta. Tangu hapo sijengi nisilolijua." Akachukua msasa wake tena. Harbans akachukua patasi yake. 

Nilirudi kwa basi hadi Small Heath nikiwa na hasira ambayo sikuielewa. Kwa kawaida mahali pakikaribia kufungwa, mimi huwa nimeshafunga sanduku. Safari hii sikutaka kuondoka. Nikatoa kofia niliyokuwa nikiishona pole pole tangu London, nikaishika mbele ya taa ya chumbani, na mwanga ukapita kwenye matobo yake, nukta nukta ukutani. Nikaangalia nukta zile. Hukuona kofia wala taa, uliona tu kwamba nyuma kuna kitu.

Asubuhi nilimwambia Babu, "Mgeni hatakiwi kuona ndani. Basi tumwonyeshe kwamba haoni."

"Eleza, bab."

"Madirisha ya haremu yana vimia vya mbao, picha za nje zinaonyesha. Hilo tunalijua. Tufanye madirisha yote, kila moja, vizuri kuliko kitu chochote kwenye meza hii. Mtu ainame, atafute kuona, asione."

Tatizo lilikuwa ukubwa. Kwa kipimo chetu futi kumi na sita zilikuwa inchi moja, na dirisha zima halikuzidi ukucha wa mtoto. Harbans alijaribu kuchonga kimia kwa mbao, kikapasuka. Akajaribu waya, ukaonekana kama tundu la kuku. Mimi nikaenda dukani Coventry Road nikanunua kitambaa cha melimeli, ile pamba nyembamba kabisa, nikaipaka gundi nyepesi, na kwa sindano ya kofia nikaanza kutoa nyuzi, mmoja natoa, mbili naacha, kwa urefu kisha kwa upana, mpaka zikabaki nyavu za miraba midogo. Nikafunga kila njia panda kwa tone la gundi kwenye ncha ya sindano. Macho yalinitoka machozi. Madirisha matano kwa siku ilikuwa siku nzuri. Babu alichukua la kwanza kwa kibano, akaliangalia kwa kioo chake cha kukuzia, na badala ya kulirudisha akalibandika.

Harbans alifunga mapaa. Babu alimwagiza atumie skurubu, asitumie gundi. "Siku mtu akijua kilichomo, afungue," akasema. Hilo mlishike: mahali usipopajua, weka skurubu. Halafu, jioni moja, Harbans akachomeka balbu ndogo ya tochi ndani, chini ya paa.

"Nani amesema palikuwa na taa?" Babu akauliza.

"Babu! Mama yake Sultani nakaa giza?"

Babu akafikiri. "Sawa. Taa, watu wote wana taa."

Bwana Pell alikuja siku ya mvua, kofia inachuruzika. Tulizima taa za karakana, Harbans akawasha balbu. Mwanga ukatoka kwenye melimeli ile, laini, wa rangi ya asali, dirisha baada ya dirisha. Bwana Pell akainama. Akasogea kulia, akasogea kushoto. Akavua miwani na kuleta jicho hadi karibu kugusa ukuta.

"Kuna mtu ndani?" akanong'ona.

"Bwana," Harbans akasema, "kwa nini wewe nasema na sauti ya chini?"

Bwana Pell akanyanyuka. Uso ukamwiva. Kisha akacheka yeye mwenyewe, akapangusa miwani, akasema paa libaki kama lilivyo. Alipoondoka, Babu alichemsha chai, kazi ambayo hakuwahi kuifanya, na ikawa chai mbaya sana, tukainywa yote.

Modeli ilizunguka mijini miaka kadhaa. Nilikwenda kuitazama mara nyingi kuliko ilivyonipasa, nikisimama nyuma kama mtu aliyekuja kukwepa mvua. Watazamaji waliingia wakipiga kelele, wakapita ua wa kwanza, wakafika kwenye yale madirisha, wakainama, na sauti zikashuka. Sisi tuliendelea na kazi nyingine: shule ya Kingstanding, soko, kituo cha basi, nyumba nyingi zisizo na siri yoyote. Babu akastaafu na kukaa kwake Acocks Green, miguu ikawa mizito, na karakana akaachiwa Harbans. Jumapili nilikuwa nikienda kumsomea magazeti na kubishana naye.

Miaka ya sabini ilikuwa imesonga pale Bwana Pell alipokuja na habari kwamba vyumba vya haremu vimekarabatiwa, na baadhi yake vimeshafunguliwa kwa wageni. Modeli ilikuwa imerudi kwetu kwa matengenezo, imechoka kwa safari. Skurubu zilikuwa pale pale.

"Mimi nitakwenda kuangalia," nikamwambia Babu Jumapili ile.

"Peke yako? Istanbul?"

"Kwani nilikuja hapa na nani?"

Akacheka, kisha akawa na uso wa kazi. "Usiniletee unachodhani, bab. Niletee ulichokiona."

Nilivuka Ulaya kwa treni, nikikaa dirishani, nikilala nimekaa, nikila mkate na jibini na watu ambao sikujua lugha yao. Saa za mwisho njia ya reli ilifuata bahari, ikapita chini ya kuta kuu kuu, na abiria mmoja akaniashiria juu. Treni ilikuwa inakata ndani ya iliyokuwa bustani ya kasri. Kwa muda mfupi, kati ya miti, nikaona kuba za kijivu. Zilikuwa kubwa kuliko vifungo. Nilijua zitakuwa kubwa, lakini kujua huko hakukunisaidia kitu, nikabaki nimefungua mdomo mpaka zikapita.

Nilipotoka kituoni ilikuwa alasiri imekwisha, na kasri limeshafungwa kwa siku ile. Nikaanza kutafuta mahali pa kulala. Hoteli za karibu zilijaa wanaume wanaovuta sigara wakiangalia mlango. Muuza chai mmoja alinitazama mimi na sanduku langu, akanielekeza uchochoro unaopanda, nyumba ya mbao iliyoinama kidogo juu ya njia. Nikagonga. Akafungua mama mtu mzima, mtandio mweupe, akaniangalia toka juu hadi chini.

"Misafir?" akasema.

"Ndiyo, msafiri," nikasema kwa Kiswahili, kwa mshangao, nikidhani ameona sanduku.

Akatabasamu, akanishika mkono. Binti yake, aliyejua Kiingereza cha shuleni, alinieleza baadaye kwamba kwao neno hilo maana yake ni mgeni aliyekaribishwa. Mama hakunisimamisha mlangoni. Tukaingia, tukakuta ukuta, tukageuka, tukapanda ngazi, na nikajikuta ndani, katika chumba cha wanawake wa nyumba ile: makochi ya chini yamezunguka kuta, chai, mtoto amelala, bibi mmoja anachambua maharage. Wakanisogelea wakanipa nafasi. Kitanda changu, binti akasema, kitakuwa hapo, chini ya dirisha. Nikaliangalia dirisha. Lilikuwa na kimia cha mbao, miraba yake imefungwa kila njia panda, rangi imebambuka. Nikaweka kidole juu yake. Nilikuwa nimetengeneza mamia ya madirisha hayo na sikuwahi kuligusa moja kwa upande huu.

Kulikuwa kunaingia magharibi na taa ilikuwa imeshawashwa. Mara kelele zikazuka njiani chini, wachukuzi wawili wamegonganisha mikokoteni yao na kila mmoja anamtaja mama wa mwenzake. Wanawake wote wakainuka kutaka kuona. Lakini kabla hajafika dirishani, yule mama alikwenda kwenye taa akaizima.

"Kwa nini ameizima?" nikamwuliza binti.

"Taa ikiwaka," akasema, kama mtu anayemweleza mtoto, "sisi ndio tunaoonekana. Na nje hatuoni kitu."

Nikasimama gizani nikicheka mpaka bibi wa maharage akaanza kucheka nami bila kujua sababu. Balbu ya Harbans! Kitu kimoja tu katika kasri lile zima tulikuwa tumekidhania, na ndicho kilichomfanya Bwana Pell anong'one. Sijui Babu angecheka au angenyamaza. Nilijua tu kwamba hiyo itakuwa ya kwanza kutoka, kabla ya vyumba vyovyote kuingia.

"Njoo, njoo," binti akaniita, akanivuta mkono. Nikajibana kati yao, paji la uso kwenye mbao. Chini wachukuzi walikuwa wameshikana mashati, watu wamejaa, muuza chai anajaribu kuwaamua. Mmoja akainua macho, akaliangalia dirisha letu moja kwa moja, na hakuona kitu.